Seva ya Maswali Yaliyopotea Njia

Béatrice alinipigia simu Jumapili, nimetoka tu kanisani. Tulisoma pamoja chuo Dar es Salaam. Ni Mnyarwanda aliyekulia Bukoba, na sasa ni fundi mkuu wa kituo cha Kigali ambako kampuni za intaneti za mjini huunganisha mitandao yao.

"Grace, njoo," alisema. "Nimepewa siku moja ya majaribio. Nikishindwa, mashine inatolewa."

Mashine yenyewe ilikuwa seva ya majina. Kompyuta za ofisini na nyumbani huwa na anwani za ndani, zinazojulikana humo humo tu. Lakini nyingi huiuliza intaneti nzima, "Nani mwenye anwani hii?" Swali linakwenda hadi ng'ambo kutafuta jina ambalo halipo popote, mara nyingine jibu linapotea, na aliyeuliza anabaki kusubiri. Seva yetu ingeyapokea maswali hayo Kigali na kujibu papo hapo: jina hilo halipo. Niliwahi kuendesha seva ya namna hiyo Dar kabla ya kuhamia Kahama.

Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi nilikuwa ndani ya basi. Mpakani Rusumo tulishuka kugongewa pasipoti, mto ukinguruma chini ya daraja. Ng'ambo ya pili saa ilirudi nyuma kwa saa moja na dereva akahamia upande wa kulia wa barabara. Kila gari lililokuja mbele yetu, nilishika kiti.

Jumanne asubuhi Béatrice alinipeleka kwanza Kimisagara, kila mmoja na moto yake, kama wanavyoziita bodaboda huko, kwenye zahanati moja ya bondeni. Mapokezi alikuwapo Mama Odette, aliyekulia Bujumbura. Mbele yake alisimama mama aliyebeba mtoto mwenye homa. Odette alibonyeza. Kompyuta ikakaa kimya karibu nusu dakika, kwa sababu programu yao huuliza kwanza jina la mashine inayotaka kuingia.

"Iko inafikiri," alisema. "Kila mgonjwa ni hivyo hivyo, dada. Karatasi ndiyo iko haraka."

Saa nne tulikuwa kituoni Kacyiru. Niliandika mipangilio mwenyewe, Béatrice akaitangazia mitandao yote ya mjini kwamba maswali ya anwani za ndani yaje kwetu. Yalikuja kama mvua.

Saa tano simu zilianza kulia. Watu walilalamika kwamba mambo yalikuwa yamezidi kuwa mazito kuliko jana. Mkurugenzi, Bwana Callixte, akasimama mlangoni.

"Béatrice, hadi saa saba. Baada ya hapo muitoe."

Alipoondoka, Béatrice alikaa akiitazama skrini. Maswali yalikuwa yanaingia, lakini hakuna jibu hata moja lililotoka. Nilipitia mstari baada ya mstari, jasho likinitoka, hadi nilipoliona kosa. Seva ilisikiliza kwenye anwani yake yenyewe tu. Ile anwani ya pamoja, ambayo seva zote za kazi hii duniani huitumia na ndiko maswali hutumwa, sikuiandika.

"Ni mimi," nilisema. "Nimesahau mstari mmoja."

"Basi uandike, dada yangu. Kulia tutalia baadaye."

Niliuandika. Nikaiwasha upya huduma. Majibu yakaanza kutiririka kwenye skrini, moja kwa kila swali.

"Imana ishimwe!" Béatrice aliruka akimshukuru Mungu, akanikumbatia hadi miwani yangu ikaanguka. Kisha akampigia Odette.

"Mnafanya nini huko?" sauti ya Odette ilijaa chumbani. "Nabonyeza, imefunguka! Nafunga, nafungua tena, iko inafunguka!"

Saa saba kamili Bwana Callixte alirudi. Alisoma skrini kwa muda mrefu, kisha akamwambia Béatrice, "Hii haitoki. Niandikie na jina la atakayeitunza."

"Ni mimi," Béatrice alijibu kabla hajamaliza.

Jioni, kwake Kicukiro, tulikula isombe, yaani kisamvu, na ndizi, akiwasimulia majirani ushindi wetu kana kwamba tumerudi na kombe.

Jumatano nilirudi nyumbani. Nilikuwa nimejifunza kwamba asiye na unachotafuta hakukosei akikwambia mapema. Anayekuumiza ni yule anayepokea swali lako na kunyamaza, kama nilivyounyamazia mji mzima kwa saa mbili. Kabla ya kuvuka mpaka, ujumbe wa Béatrice uliingia: "Wenzetu wa Bujumbura nao wanaitaka. Nimewaambia tunakuja wawili."