Tulimwita Chuma

Jumanne asubuhi jirani yangu wa Mapinga alinipigia simu kunipa taarifa kwamba fundi wetu wa mageti amefariki, na atazikwa baada ya adhuhuri. Wasomaji wangu wa siku nyingi watamkumbuka: yule mama wa Kaole aliyekuwa akichomelea kando ya barabara ya Bagamoyo, mtandio umefungwa vizuri, miwani myeusi usoni. Niliwahi kumwandika hapa, nikamwita mama wa chuma.

Makala ile niliipenda mno. Nilicheza na neno nilivyotaka: utotoni alichuma mabibo shambani kwa baba yake, alipofiwa na mumewe akachuma riziki kwenye chuma, na katika uchumi huu ambao vijana wanalia kwamba vyuma vimekaza, yeye alisomesha watoto. Wenye viwanja wakamiminika na kazi zao, na jina likamganda.

Miezi kadhaa baadaye nilipita kuchukua dirisha langu. Nilimwamkia, akaitikia marahaba akiwa ameketi juu ya ndoo iliyofudikizwa, jambo ambalo sikuwahi kuliona saa za kazi. Alikuwa akikohoa. Aliniambia moshi umemkaa kifuani na usingizi haupati, lakini wateja wakimkuta amekaa humtania kwamba chuma hakichoki, naye huona haya, huinuka.

"Mwanangu, umeniita chuma," akasema. "Sasa nikisema naumwa, nani atanisadiki?"

Nilicheka. Nikamwambia yeye atatuzika sote, kisha nikaulizia dirisha langu. Akainuka kulimalizia, nami nikakaa kwenye ndoo ile ile nikimsubiri.

Nilifika msibani watu wamesharudi kutoka makaburini. Binti yake alinipokea kwa heshima na kunishukuru kwa makala, ambayo mama yake aliibandika ukutani. Nilijaribu kumweleza habari ya kile kikohozi, nikaishia kulitaja lile jina nililompa.

"Hata sisi nyumbani tulimwita hivyo hivyo," akasema.

Hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Nimegundua kwamba mara nyingi tunamsifu mtu kwa ugumu wake pale tunapotaka aendelee kutufanyia kazi, na sifa hiyo hutupunguzia wajibu wa kumuuliza hali. Mtu akikwambia anaumwa, msadiki mara ya kwanza, hata kama kazi yako bado iko mikononi mwake.