Namba ya Mlango wa Mama

Kazini walimwita Polepole, kwa sababu alihakiki kila kitu mara tatu. Siku aliyosahau kuhakiki, nusura amuue mama yake.

Alitengeneza programu za kutambua moshi kwenye majengo, likiwamo lile analoishi mama yake. Kifaa cha chumbani hutuma namba tu, na sanduku lililo mezani kwa mlinzi huigeuza namba kuwa jina la chumba. Namba hakuzipanga kwa mkono. Aliandika makro, yaani programu ndogo inayoandika programu nyingine: ukiipa majina ya vyumba, inayafanyia hesabu na kutoa jedwali la heshi, orodha ambamo kila jina lina namba yake, bila namba kugongana. Aliwachosha wenzake kwa kuisifia.

Asubuhi hiyo aliongeza jina moja, stoo mpya, akalituma jedwali kwenye sanduku la mlinzi. Mchana mlinzi akapiga simu.

"Bosi, kidude chako kinasema kuna moshi stoo. Nimefungua, hamna kitu. Nakizima, kelele zimezidi."

"Kizime tu," akajibu, kisha akakumbuka jina aliloongeza asubuhi. Majina yale yalikuwa kama watu kwenye benchi: akiongezeka mmoja, wote wanasogea. Namba zote zilikuwa zimebadilika, na vifaa vya vyumbani bado vilituma zile za zamani. Moshi ulikuwepo, ila si stoo.

"Kaka, kuna mahali panaungua kweli. Watoe watu."

"Ghorofa nane, niko peke yangu? Niambie mlango."

Hakuujua. Jedwali la zamani halikuwa limehifadhiwa popote, maana makro huliunda upya kila programu inapojengwa. Akafuta jina la stoo, akaanza kujenga tena, roho mkononi. Mistari ilipanda kwenye kioo cha kompyuta taratibu mno.

Jibu likaja: namba ambayo sasa ilisomeka stoo, zamani ilikuwa ya ghorofa ya sita, kushoto. Ni kwa mama, ambaye akimeza dawa zake za mchana hulala fofofo.

"Ghorofa ya sita, kushoto. Vunja mlango," akasema.

Akasikia viatu kwenye ngazi, mbao zikipasuka, kisha mama akikohoa. Sufuria ilikuwa imesahaulika jikoni.

Jioni majirani walijaa sebuleni kwa mama. Mama alikuwa amemshika mkono mwanawe, anasimulia.

"Huyu bwana alikimbilia stoo, jamani! Mimi naungua, yeye anakagua mifagio. Bila mwanangu mngenizika."

Watu walicheka. Mlinzi, bega limevimba kwa ule mlango, aliangalia chini. Polepole alihisi hofu ya mchana ikimrudia, na safari hii hakukuwa na mtu wa kumtuma.

"Mama," akasema, "ni mimi niliyempeleka stoo. Kosa ni langu. Hata nilimwambia akizime kile kidude."

Kicheko kikakatika. Mama akauachia mkono wa mwanawe, akamgeukia mlinzi.