Mama Mkwe Aliyekataa Kutoka

Naishi Ruiru, lakini chumba changu cha ushauri nasaha kiko Thika, juu ya duka la mbegu. Asubuhi naandika vitabu, mchana nasikiliza watu. Kwa vile naandika juu ya haki za wanawake, wako majirani wanaosema naharibu mabibi za watu. Nimezoea.

Mwaka jana mkulima mmoja wa Ngoliba, mama wa makamo, aliniletea mke wa mwanawe. Huyo mkaza mwana alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, msichana tena, na tangu siku hiyo hakuwa akisema ila neno mojamoja. Kanisani walikuwa wamemwombea mpaka wakachoka.

"Unalala vizuri?" nilimuuliza.

"Halali," mama mkwe akajibu.

"Na chakula?"

"Ugali anaacha. Ni chai tu."

Nikamwomba mama atupishe kidogo. Akakumbatia kiondo chake. "Daktari, mimi ndiye nimemleta. Siendi mahali."

Kwa nilivyofundishwa, hapo ningesisitiza. Sijui ilikuwaje, nikamgeukia yeye. "Haya mama, wewe ulipojifungua, nani alikuuliza umelalaje?"

Alicheka. Kisha akatazama sakafu, na maneno yakaanza kumtoka. Alizaa wasichana wanne kabla ya huyo mwana. Baada ya wa nne, mumewe alikula kwa ndugu yake mwezi mzima, hakutaka hata kumwona mtoto. "Nilikuwa naenda mtoni, nalia huko, halafu nanawa uso ndio nirudi. Nilijua ni dhambi yangu."

Mkaza mwana aliinua kichwa. "Mama, na mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia nini? Nilidhani ni mimi peke yangu."

Mtoto, aliyekuwa amelala mapajani mwa mama yake, aliamka akilia. Nyanya yake akamchukua, na yule mama mchanga, mikono ikiwa mitupu, akaanza kusema. Alisema hadi chai niliyowamiminia ikapoa. Mimi sikuwa na kazi kubwa siku hiyo.

Walirudi mara sita. Mkaza mwana nilimtuma pia hospitalini, akapewa dawa zikamsaidia kulala. Mara ya tatu walikuja na mume, kijana mpole aliyekuwa na aibu kuliko ubaya. Mama yake alimwambia mbele yangu, "Hawa wasichana ni wangu. Ukitaka kununa, ninunie mimi."

Siku hizi mkaza mwana anashona nguo za shule, na anaongea kupita kiasi, kwa mujibu wa mumewe. Mama mkwe naye hukusanya wanawake waliojifungua karibuni, kila Alhamisi, kwenye baraza yake, akiwapikia uji. Alinialika mwezi uliopita. Nikadhani nitahutubia, kumbe nilitakiwa kushika mtoto wa mtu huku yeye akizungumza. Nilimwomba ruhusa ya kuandika habari hii.

"Andika," akasema, "bora usitaje jina. Na useme uji ulikuwa mtamu."

Ulikuwa mtamu. Nilikunywa vikombe viwili.