Breki ya Mkono ya Guka

Leo karibu tuzikwe, mimi na babu yangu, Guka.

Guka anataka gari yake ya miaka ya hamsini, na si nyingine, impeleke Ruiru kwa mahari ya dada yangu. Tunateremka kutoka Gatuanyaga, mbele kuna lori. Nakanyaga breki. Gari yote inatetemeka mpaka meno yananigongana!

Lori tulilikosa kidogo tu.

Makongeni nikamfokea fundi, kwa sababu jana ndiye alifunga tairi za mbele. Yeye akaingia kwenye gari. Akaiendesha polepole, akaisimamisha kwa breki ya mkono peke yake.

Ikatetemeka vilevile.

"Shida iko nyuma," akasema. (Nimeshamwomba msamaha, msinianze.)

Akafungua gurudumu la nyuma. Ndani, kutu imeacha alama pale breki ilipong'ang'ania.

"Hii ilikaa miezi mingi breki ya mkono ikiwa imevutwa. Nani aliivuta?"

Nikaapa si mimi.

Guka akavua kofia.

"Ni mimi. Siku tulimzika nyanya yako. Sikuona kama nina pahali pengine pa kwenda."

Nyinyi mngemjibu nini? Mimi nilimfungulia tu mlango wa gari.