Mikono Yangu Ilipofungwa Kitandani

Ba papa na ba mama, munanijua. Mimi njo ule mama wa mashini ya kushona pale karibu na gare, pale treni inasimama. Nikishona ninaongea, na nikiongea mikono nayo inaongea. Nilizaliwa Mpala, kwa misioni. Kwetu mbele ya kula, kulala ao kupanda mutumbwi, mukono unaenda wenyewe kwenye paji la uso.

Ugonjwa ulianza na kikohozi. Nikasema ni vumbi ya vitambaa tu. Kiisha homa, makohozi yenye damu, na pumzi ikawa fupi hata kufika chooni sikuweza. Bwana yangu akanipakia kwenye pikipiki mpaka ospitali, na njiani nikapoteza fahamu.

Nilizindukana katika chumba cha wagonjwa mahututi, maski ya oksijeni usoni, mupira wa kupitishia chakula ndani ya pua. Maski ilinibana, nikaona ninazama. Nikaitoa. Wakairudisha, nikaitoa tena, nisiwadanganye. Basi muuguzi akafunga mikono yangu kwa bande, vile vitambaa vya kufungia vidonda, kwenye vyuma vya kitanda.

"Mama, ni kwa ajili ya uzima wako," akasema.

Pengine ni kweli. Lakini pua inakuwasha na hauwezi kujikuna. Nguo inapanda na hauwezi kujifunika. Nilisikia haya mpaka machozi yakaingia masikioni.

Nilipotulia, akafungua mukono wa kuume. Nikaupeleka kwenye paji la uso. Akaukamata mbio.

"Anataka kutoa maski tena!"

Akaufunga nguvu zaidi. Kila akijaribu kunifungua, ilikuwa vile vile. Sauti yangu ilikuwa imekauka, ningemwambia namna gani? Niliogopa kufa bila kufanya alama ya musalaba. Niliitamani kuliko maji. Nilimutamani mama yangu.

Mama akafika na boti kutoka Mpala. Walimuruhusu kuingia kidogo tu. Hakulia. Aliangalia vidole vyangu juu ya shuka: juu, chini, huku, huku.

"Mutoto wangu anataka kusali," akamwambia muuguzi. "Umufungulie. Maski nitaishika mimi."

Muuguzi alisita, kiisha akafungua. Mukono ulikuwa umevimba, muzito. Ukafika kwenye paji la uso, kifuani, bega la kushoto, halafu ukakosa nguvu. Mama akashika kiwiko changu, akaufikisha bega la kuume. "Amina," akasema kwa niaba yangu.

"Nilizania ni maski," muuguzi akasema. Akaweka bande mufukoni. Hakunifunga tena.

Ninashukuru Mungu na waganga wote wa ospitali, na ule muuguzi pia. Siku hizi ananiletea suruali zake nizipunguze, na ninamutania sana. Ninyi wenye wagonjwa, ombeni muingie. Muangalie vidole vyao mbele ya kusema wamechanganyikiwa.

Mama alirudi Mpala. Jioni nikifunika mashini, ninafanya alama ya musalaba. Nikifika bega la kushoto ninasimama kidogo. Niko na nguvu ya kumaliza, lakini ninangojea mukono wake.