Chungu Kilichovunjwa kwa Ajili ya Wimbo

Mama hakuwahi kuniuliza kama ndugu yangu aliuawa na saratani. Daktari wa Embu alishamweleza, akamchorea hata koo kwenye karatasi, na Mama akaitikia kwa adabu kama anavyoitikia matangazo kanisani. Alichotaka kujua ni kimoja tu: kama ni chungu kilichomuua. Na kama ni chungu, basi kama ni yeye.

Nieleze, maana mtu asiyetoka kwetu anaweza kudhani Mama amechanganyikiwa. Kwetu, chungu cha kupikia hakivunjwi kwa makusudi. Kikianguka kwa bahati mbaya unazoa vigae na maisha yanaendelea. Lakini mzazi aliyefika mwisho wa hasira yake, aliyesema mpaka maneno yakamwishia, huchukua chungu akakipiga chini mlangoni, na mtoto aliyekosea akajua amelaaniwa na kukatwa na ukoo. Mimi sikuwahi kuona ikifanywa, wala hakuna mtu wa rika langu aliyeona. Hata hivyo muulize mtu wa Kibirichia, kijijini kwetu Meru, awe mwalimu, awe mzee wa kanisa, atakuambia hayo ni mambo ya giza yaliyokwisha zamani. Kisha atashusha sauti.

Mimi ndiye niliyeyatia hayo kitabuni.

Nafanya kazi katika ofisi moja mjini Embu, kazi ya mihuri na mafaili, na kwa miaka mingi saa yangu ya chakula cha mchana nimekuwa nikiandika riwaya moja isiyokwisha. Ina milima inayohama usiku, mfalme anayeishi ndani ya barafu, na koo zinazogombania moto wa mwisho duniani. Binti wa mhunzi anauiba moto huo na kuupeleka kwa maadui, kwa sababu maadui nao wana watoto wanaokufa kwa baridi. Mama yake anavunja chungu mlangoni. Wenzangu ofisini walidhani naandika ripoti, wakanihurumia. Mhariri mmoja wa Nairobi alisoma sura chache akanipigia simu. "Hii kitu iko sawa," alisema, "lakini shule hazitanunua. Huwezi kutuandikia kuhusu ukame?" Nikamwambia ukame upo, asome mbele. Akacheka, nami nikakata simu.

Nilikuwa na msomaji mmoja wa kweli, ndugu yangu mdogo, kitinda mimba wa Mama. Alikuwa na kibanda cha kutengeneza simu Runyenjes. Gitaa alijifunza kanisani kwetu, na Mama alijivuna kweli alipomwona akisindikiza kwaya. Kisha akakutana na muziki wa metali: magitaa yanayokwaruza, ngoma za mbio, na mwimbaji anayenguruma badala ya kuimba. Akaacha kwaya. Jioni alikuwa akifanya mazoezi kati ya mibuni nyuma ya nyumba aliyopanga, mpaka siku moja wanawake waliokuwa wakichuma kahawa wakatupa madebe na kukimbia. Alinieleza kwamba mngurumo hautoki kooni, unatoka tumboni. Ukiutoa kooni unajiumiza. Kwa hiyo kila sauti yake ilipokauka alikuwa na jibu tayari: "Nimekosea tena, nimetumia koo."

Mashabiki wake wa huku wote wangeenea kwenye pikapu moja ya viazi, na nafasi ya mbuzi ingebaki. Hilo halikumsumbua. Alisoma riwaya yangu kwenye simu, kibandani, huku wateja wakingoja, akasema ataigeuza iwe nyimbo, sura kwa sura. Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo. Nilimwandikia maneno, akayatia sauti, na kwa mara ya kwanza nikasikia ile barafu yangu ikipasuka. Nililia, akanicheka.

Tulipofika sura ya chungu akawa mgumu.

"Siz, hiki lazima kiwe chungu kweli," aliniambia mimi dada yake.

"Vunja sahani, nani atajua?"

"Sahani inalia kama sahani. Mtu wa huku atajua."

"Watu wa huku hawasikilizi nyimbo zako."

"Siku mmoja akisikiliza, sitaki anicheke."

Tukanunua chungu sokoni Runyenjes, kwa mama mmoja aliyekuja na vyungu kutoka upande wa Mbeere. Alikigonga kwa kidole tusikie mlio wake, akauliza tutapikia nini. Ndugu yangu akasema kunde. Mama huyo akatushauri tuchemshie humo maji ya uji kwanza, kisije kikapasuka.

Kurekodi tulirekodi kwa Mama, Kibirichia, ndani ya stoo ya viazi. Watu hudhani studio ni vioo na sponji za ukutani. Ndugu yangu aligundua kwamba magunia ya viazi yakipangwa mpaka darini yanameza mwangwi wote, na stoo yenyewe huwa giza, haina dirisha, ili viazi visigeuke kijani. Mama alikubali kwa sababu alipenda tuje nyumbani. Hakuuliza tunaimba nini. Siku hiyo alituchemshia viazi na maganda yake, akatuletea kwenye sufuria, akaenda zake kupalilia.

Ndugu yangu alitegesha maiki, akaiacha mashine ikirekodi, tukala kidogo, kisha akasimama mlangoni na chungu. Mlangoni, kwa kuwa kitabu kilisema mlangoni. Akakipiga chini.

Mama alisikia akaja. Maneno yake ya kwanza yalinitoka kichwani kwa muda mrefu, maana nilichokumbuka ni uso wake alipofika na kuona vigae juu ya kizingiti. Rangi ilimtoka. Ndugu yangu akajieleza haraka: ni wimbo tu, Mama, ni hadithi.

"Na kwa hiyo hadithi," Mama akauliza, "nani anavunja?"

Angeweza kudanganya. Ndugu yangu hakujua kudanganya kuhusu kazi yake.

"Ni mama ya huyo msichana."

Mama aliweka jembe chini, akapiga magoti, akaokota vigae kimoja kimoja akavitia ndani ya leso.

Kabla ya mavuno yaliyofuata ndugu yangu alikuwa hawezi kumeza. Alianza kuacha nyama, kisha ugali, kisha akawa mtu wa uji na chai. Alikonda, suruali ikawa inashikwa na mshipi tu. Mimi niliamini ni koo la mngurumo, nikamwambia anywe asali. Hospitali ilipotupa majibu, ugonjwa ulikuwa umeshajenga nyumba. Saratani ya umio imemaliza watu wengi kwetu, kila ukoo una wake, lakini hawa wengine hakuna aliyewavunjia chungu.

Baba mdogo, nduguye marehemu baba, alikuja bila kuitwa. Alisema tiba ni rahisi na inajulikana: achinjwe kondoo dume, mtoto akiri mbele ya wazee kwamba alivunja, na mama yake atamke kwa kinywa chake kwamba hakumlaani. "Ni wewe tu unaweza," alimwambia Mama. "Alivunja mlangoni mwako, badala yako. Ukinyamaza, ni kama umekubali."

Mchungaji naye akaja, akasema gitaa lichomwe na nyumba ifunge na kuomba. Kufunga! Mgonjwa alikuwa hajaonja chakula kwa wiki. Nilimtolea mchungaji macho mpaka akaangalia saa yake.

Ndugu yangu alikuwa tayari kwa yote mawili, na hilo ndilo lililonitisha. Yule mbishi akawa anasema, kwa kile kisauti kilichobaki, "Kama itamfanya Mama alale, leteni huyo kondoo." Aliyekwama ni Mama. Alikuwa mwenyekiti wa akina mama kanisani. Kusimama mbele ya wazee wa kondoo na kusema "sikumlaani mwanangu" kulikuwa kukiri kwamba aliamini laana, na angevuliwa uongozi mbele ya watu aliowafundisha mwenyewe. Nilimwambia mara moja, tukimenya viazi, kwamba aseme tu, hata jikoni, hata kwenye simu. Akajibu kwamba neno kama hilo halisemwi kwenye simu.

Baadaye alipiga moyo konde. Alisafiri kutoka Kibirichia mpaka Embu, akaingia wodini alikolazwa ndugu yangu, amevaa kitambaa chake kizuri. Niliona kwa namna alivyovuta kiti kwamba anakuja kulisema. Ndugu yangu pia aliona. Alimnyooshea mkono, akamngoja. Wakati huo huo mlango ukafunguliwa, mchungaji akaingia na wazee wa kanisa, wamekuja kumwombea, na wimbo ukaanzishwa hapo hapo. Mama akafumba macho akaimba nao. Alipomaliza kuimba, saa ya kuwaona wagonjwa ilikuwa imekwisha. Alimwambia, "Nitakuja kesho."

Kesho yake alfajiri hospitali ilinipigia simu mimi.

Tulimzika Kibirichia, juu ya shamba, mvua ikinyesha na udongo ukiteleza. Kwaya aliyoiacha iliimba. Muziki wake haukutajwa. Kwenye wasifu waliandika kwamba alikuwa fundi na alipenda nyimbo za injili. Nilisikia hasira mpaka meno yakaniuma, lakini mtu hapigi kelele kaburini kwa ndugu yake. Riwaya yangu nayo ilikufa hapo. Binti wa mhunzi bado amesimama mlangoni na vigae miguuni, na sina la kumwambia.

Mama aliacha uenyekiti mwenyewe, bila kufukuzwa. Alikuwa akikaa jikoni bila kuwasha moto. Kila nilipoenda kumwona aliuliza lile lile, kwa njia tofauti. Je, chungu kilipigwa kwa nguvu? Je, kilivunjika mara moja? Je, mimi mwandishi, nilipoandika, nilikuwa namfikiria yeye? Nilimwapia kwamba hapana. Aliniangalia kama mtu anayesikiliza mtoto.

Siku moja mchana akasema, "Unayo hiyo kitu ndani ya mashine yake?"

"Ninayo, Mama."

"Nataka kusikia chungu. Si wimbo. Chungu."

Wimbo wenyewe sikutaka ausikie. Ule mngurumo ungemkata maini. Lakini ndugu yangu hakuwahi kufuta kitu. Kwenye kompyuta yake ilikuwepo rekodi nzima ya alasiri ile, kabla haijakatwa, na mimi nilikuwa sijawahi kuifungua. Nikaiweka kompyuta juu ya meza ya jikoni, nikaifungua rekodi kutoka mwanzo, kwa sababu sikujua chungu kiko wapi ndani yake.

Kwanza ulisikika mfuniko wa sufuria, kuku nje, gunia likiburutwa. Nilitaka kusogeza mbele. Mama akanishika mkono.

Kisha ndugu yangu akakohoa. Kikohozi kirefu, kinachosimama na kuanza tena. Baadaye sauti yake, karibu kabisa na maiki:

"Siz, hiki kiazi hakishuki. Kimekwama hapa. Hata jana ilikuwa hivi. Niletee maji."

Na sauti yangu, kali, ya mtu aliyechoka kungoja:

"Kula polepole basi. Anza, jua linaenda."

Alikohoa tena. Nyayo zikaenda mlangoni. Chungu kikapasuka. Ukilinganisha na mkwaruzo wote wa zile nyimbo, kilikuwa kishindo kidogo tu. Na kabla vigae havijatulia, kwa mbali, kutoka shambani, mwanamke akaita kwa Kimeru. Ndiyo yale maneno niliyokuwa nimeyasahau.

"Ni nini hiyo? Mwanangu, umeumia?"

"Hapana, Mama. Sijaumia."

Nilizima. Mama aliweka mikono juu ya meza. Halafu akasema nirudishe. Nikarudisha mpaka kwenye kikohozi. Akasikiliza kwa kichwa kilichoinama.

"Hiyo ni kabla ya chungu," alisema.

"Ndiyo, Mama. Ni kabla."

"Na jana yake pia."

"Ndiyo."

Aliitikia kwa kichwa, mara nyingi, polepole, na mabega yake yakashuka. Tangu tuzike sikuwa nimeyaona yakishuka. "Basi si chungu," alisema. "Basi si mimi. Nilimuuliza kama ameumia. Umesikia? Nilimuuliza." Alifuta uso kwa leso, akainuka, akaanza kupanga kuni mekoni. Nilifurahi kwa ajili yake, nasema kweli, nilifurahi.

Akiwa amenipa mgongo, akipuliza moto, akauliza, bila ubaya wowote, kama mtu anayetaka tu kujua yote sasa.

"Na yale maji? Ulimpelekea?"

Niliirudisha rekodi tena, mwenyewe, nikasikiliza kile kipande kati ya kikohozi na chungu. Kuku wanalia. Yeye anakohoa. Hakuna mtu anayetoka nje.