Unga Mweusi wa Betri

Baba alikuja Bariadi kutoka Lalago kutibiwa macho, akakaa kwangu wiki nzima akisubiri miwani. Jumamosi nilikuwa na kazi ya kuandaa somo la kemia la kidato cha tatu, nikamwomba tufuatane shuleni. Hakuwahi kuingia maabara.

Nilipasua betri kuukuu za redio, nikatoa unga wake mweusi, nikauosha na kuukausha. Kisha nikaupima pamoja na karatasi ya kuchujia. Nikamimina kwenye chupa ya kioo ile dawa ya kusafishia vidonda inayouzwa duka la dawa, haidrojeni peroksaidi. Ilitulia kama maji. Nilipotia unga, ikachemka bila moto, povu likapanda hadi mdomoni. Nikaingiza kijiti chenye kaa. Kikawaka pwaa!

Baba akarudi nyuma hatua mbili. "Mayu, binti yangu, umefanya nini?"

"Hewa ya oksijeni ilikuwa imefungwa humo ndani. Unga umeharakisha kuitoa. Unaitwa kichocheo."

Povu lilipokwisha nikachukua chupa ili nimwage. Akanishika mkono.

"Na unga?"

"Nautupa."

"Umeharibika?"

Kwa miaka sita nilikuwa nikiwaandikia wanafunzi ubaoni kwamba kichocheo hakiishi wala kupungua, na kwa miaka hiyo sita nilikuwa nikikimwaga kwenye sinki.

Tukauchuja kwa karatasi ileile, tukauanika dirishani. Jua la saa sita likaukausha. Nikaurudisha kwenye mizani, mshale ukasimama palepale. Baba akataka kuutia mwenyewe. Povu likapanda kama mara ya kwanza, kaa likawaka. Tukaurudisha tena dirishani, tukarudia hadi dawa ikatuishia, na kila mara unga ulibaki vilevile.

"Hata maksai wangu hula ndipo walime," baba alisema taratibu. "Huu unakula nini?"

"Hauli kitu. Na ile urea unayotia kwenye mahindi, baba, inaanzia kwa kichocheo hivi hivi. Kiwandani wanachukua hewa na gesi asilia, wanazikandamiza, wanazipitisha kwenye joto kali juu ya punje za chuma. Chuma ndicho kinachoziunganisha."

"Chuma hiki cha jembe?"

"Ndugu yake. Kinakaa humo miaka mingi, kinafanya kazi ileile, mpaka uchafu ukizibe ndipo wakibadilishe."

"Na hewa wanaitoa wapi?"

"Hii hii tunayovuta."

Kisha akatoka mlangoni, kulikokuwa na uwanja mtupu wa shule na jua kali, akanyoosha mkono mbele yake na kufungua kiganja polepole. Nikaenda nikasimama kando yake. Mimi, mwalimu wa somo hilo, nilikuwa naitazama hewa kama mtu aliyeonyeshwa kitu kwa mara ya kwanza.